Mwalimu Kiputo na Chumba cha Hadubini

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi mwashi na mshona nguo. Sisi wadogo zake tulizaliwa tukamkuta ameshashika usukani wa nyumba, na hakuuachia.

Alianza shule mwaka 1958. Sekondari aliongoza kwa biolojia, akaenda chuo kikuu, na mwaka 1976 akaajiriwa palepale kuwafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza biolojia ya seli na matumizi ya hadubini. Chumba chake kilikuwa cha mwisho ghorofa ya chini, chenye meza ndefu na harufu ya vitunguu, kwani utando wa kitunguu ndio unaompa mwanafunzi seli yake ya kwanza. Wengi huikosa, wakachora kiputo cha hewa kilichobaki chini ya kioo. Kwa kuwasahihisha hilo kila mwaka akaitwa Mwalimu Kiputo, jina alilolipenda kuliko Daktari.

Mwaka 1979 aliolewa na fundi wa maabara. Shemeji yupo hapa, hawezi kukataa: miezi ile ya uchumba, hadubini za dada ziliharibika kuliko za chuo kizima. Dada alijua nani anazilegeza skrubu. "Nilimwacha tu," alituambia. "Angalau kuzikaza alikuwa anajua."

Mwaka 1998 chuo kilitaka kukifunga chumba kile, wanafunzi waonyeshwe picha ukutani. Dada alikasirika, na akikasirika huwa mpole mno. Aliialika kamati, akamkalisha kila mjumbe kwenye hadubini.

"Karibuni, wazee wangu. Nichoreeni seli moja tu."

Mwenyekiti alichora duara safi lenye ukingo mweusi, katikati akatia kiini.

"Mzee, hiyo ni hewa," dada alisema. "Na hicho kiini umekiona wapi?"

Mwenyekiti alichungulia tena. "Kwenye kitabu," akasema.

"Basi ndiyo maana nakitaka chumba. Wanafunzi wangu wakifika wiki ya pili, hapo hawakosei tena."

Chumba hakikufungwa. Mwaka uliofuata kiliongezewa meza. Sisi tuliringa mtaa mzima, wala hatuombi radhi.

Alistaafu mwaka 2016, akamkabidhi chumba mwanafunzi wake wa zamani. Mwaka jana alianza kuchoka ovyo, na vipimo vikaonyesha saratani ya damu. Alifariki hospitalini tarehe 9 Mei mwaka huu, mumewe akiwa amemshika mkono. Tumeumia sana.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, wadogo zake, na wanafunzi wasiohesabika. Mrithi wake alitaka kuahirisha kipindi cha leo asubuhi ili darasa lije kuzika. Dada alikuwa ameshamkataza akiwa kitandani: "Fundisha kwanza, ndipo mje mnizike."

Hao waliosimama nyuma kwa makoti meupe wametoka darasani moja kwa moja. Dada, kipindi kimefundishwa chote. Sasa pumzika kwa amani.