Kikohozi Kwenye Kanda ya Pasaka

Wapendwa, nitasimama, maana nikikaa nitalia kabla sijasema. Hapa Bonga mnanijua kwa mdomo mkali. Leo mnivumilie.

Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa kwaya. Kifua kilipombana akashindwa kufika kanisani, akawa anafundisha kwa redio kaseti. Anaimba kitandani huku anakohoa, anarekodi, wanakwaya wanakuja kusikiliza. Kanda tulikuwa nayo moja tu, na betri tunazianika juani zipate nguvu kidogo. Mnaikumbuka hali ile. Nasema mnaikumbuka kana kwamba imeisha! Basi nyumbani kwetu kulikuwa na sheria: kitufe kikishabonyezwa, hakuna kuongea. Hata kuku tulikuwa tunawafukuza.

Asubuhi moja tukasikia sukari imefika mjini, duka la ushirika. Yeye alikuwa anarekodi wimbo wa Pasaka, macho ameyafumba. Sikumuaga. Ningeaga ningemharibia wimbo. Nikavuta mlango polepole, nikaenda kupanga foleni. Jioni narudi, sukari sikupata, nakuta watu wamejaa uani.

Ndugu zangu, nawaambia, kufiwa kunauma, lakini kule kutoaga ndiko kulikonimaliza. Wifi yangu alisema msibani, mbele za watu, "Umemwacha ndugu yetu afe kama hana mtu." Mimi ninayemjibu kila mtu, sikumjibu. Nilimwamini. Nikaacha kwaya, nikaacha kanisa, magugu yakameza mahindi. Mtu akipiga hodi nanyamaza. Watoto wakawa wanakula kwa jirani. Yupo pale nyuma, anajificha, Mungu ambariki. Ile kanda niliifunga kwenye kitambaa nikataka kuichoma, mkono ukakataa.

Pasaka ilipokaribia, wanakwaya wakaja, wanataka kujifunza wimbo ule wa mwisho. Fundi redio mmoja wa Maisaka alikuwa amewaambia kikohozi kilichomo kwenye kanda kinaweza kutolewa: unakata utepe wa kanda kwa wembe, unaunga kwa selotepu. Ila lazima akae na mtu anayeujua wimbo, wa kumchagulia pa kukata, na aliyemsikia marehemu akiutunga ni mimi peke yangu. Nikawafukuza. Wakarudi. Nikafukuza tena, wakarudi tena, watu hawa hawana haya. Nikaenda kwa hasira.

Fundi anacheza kanda, mimi nainua mkono, anasimamisha, anaweka alama kwa kalamu, anakata. Kila kikohozi ilibidi nikisikilize upya, tusije tukakata na neno. Akauliza kama tupumzike, nikamwambia aendelee tu, maji nimeshayavulia nguo.

Katikati ya ubeti wa tatu, humo kwenye kanda, mlango ukalia. Mlango wangu naujua, bawaba yake mbovu. Nikajua huyo ni mimi natoka. Mume wangu akaacha kuimba. Kitufe kimebonyezwa, kanda inazunguka, na mwenye sheria yake akasema, taratibu kabisa, "Nenda salama, mama. Jitande vizuri, kuna baridi." Akakohoa, akaendelea na wimbo.

Fundi alikuwa ameshashika wembe. "Hapa si wimbo, mama. Nikate?"

Nilimkamata mkono. Nililia kwenye kibanda cha watu mpaka wapita njia wakasimama. Hatukukata, hata kikohozi cha pale tulikiacha, na wanakwaya wamejifunza wimbo ukiwa na maneno yale ndani. Wifi nilimpelekea akasikiliza. Alisonga ugali tukala wote.

Msidanganyike kwamba nimepona. Jioni bado ni nzito. Ila nalima, watoto wanakula kwangu, na sauti ya pili naimba. Nawashukuru wanakwaya walioning'ang'ania, na fundi, na huyo jirani anayejificha.

Ninalowaachia ni dogo. Ukitoka nyumbani, aga, hata kama utaharibu kazi ya mtu. Kazi hurudiwa. Mume wangu aliniaga, nami nilikuwa nimeshafika barabarani. Namsikia kila Pasaka, na kila Pasaka naitikia, lakini yeye hanisikii.