Bomu Halibishi Hodi

Sikilizeni wanangu, nyote watatu, na wewe kitinda mimba sogea karibu, maana sauti niliyo nayo leo ni ya kuazima na mwenyewe ameshaanza kuidai.

Nyumba hii ni yenu nyote, msije mkaigombania mkawachekesha majirani. Lakini urithi wenyewe ni jina langu, na hilo sikuliokota njiani.

Mnajua nilikuwa msoma sindano, ile inayochora mitikisiko ya ardhi, katika kituo cha kupima matetemeko. Miaka mingi nilikaa mbele ya karatasi ile inayozunguka, nikajifunza kwamba tetemeko hubisha hodi kwanza, likachora kidogo kidogo kabla ya kuja lenyewe, ila bomu likilipuliwa chini ya ardhi huingia tu. Siku serikali yetu ilipojaribu la kwanza kwa siri, mjomba wenu, aliyekuwa mkuu wangu, aliniambia, "Shemeji, andika tetemeko, usije ukamwaga unga." Nikaandika mlipuko. Yeye akafuta, akaandika tetemeko, akatia sahihi, nami nikatupwa stoo miaka tisa kuhesabu mifagio. Sikuona haya hata siku moja.

Majirani nao wakalipua lao, sisi tukaongeza, wao wakaongeza, kila upande ukiapa kwamba unajilinda tu, mpaka asubuhi moja ardhi ya mpakani ikatikisika na wanajeshi wetu, wakidhani ni bomu la majirani, wakajiweka tayari kufyatua yetu. Mjomba wenu akalia kwamba ni tetemeko, na kweli lilikuwa tetemeko, lakini nani angemwamini, naye alishasema hayohayo siku ya bomu? Wakaja kunitoa stoo. Nikaitazama karatasi, nikasema, "Hili limebisha hodi." Wakashusha mikono.

Najivuna, ndiyo, niacheni nijivune. Ila mchezea wembe humkata, na nchi mbili haziwezi kuishi kwa kumtegemea mzee mmoja wa stoo.

Mjomba wenu nimemsamehe. Mwambieni leo, msingoje mazishi.

Kitinda mimba, barua ya kiwanda cha mabomu nimeiona. Wanaitaka akili yako, akili niliyoisomesha kwa mshahara wa mifagio. Nakuomba usiende. Ukienda, bado u mwanangu, na chumba chako kipo.

Nipeni maji... Basi, yanatosha.

Mzeeke, wanangu. Wajukuu zenu ndio wawazike, mmoja mmoja, kila mtu kwa siku yake.

Na wewe, kitinda mimba, usinijibu sasa. Anayekufa hudanganywa kwa huruma... Nijibu nikishazikwa, nikiwa siwezi tena kukushukuru.