Ndala za Mlangoni kwa Mwalimu

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, weka mwiko chini kidogo. Kama una watoto karibu, waache wakae. Leo hatuna la kuwaficha.

Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja aliyekuwa mhudumu katika makao ya wazee. Kazi yake ilikuwa kuwalisha wasioweza kujilisha, kuwaogesha, na kuwageuza wale wasioweza kujigeuza kitandani. Mwaka umepita tangu atutoke. Aliondoka wakati wa ule ugonjwa uliotufungia milango sote. Aliupatia kazini.

Makaoni hawakumwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Dada Ndala. Nasi leo tutamwita hivyo hivyo.

Aliyenileta kwenye habari hii ni mume wake. Ni fundi bomba. Aliwahi kututengenezea bomba hapa studio, ndiyo maana mlinzi alimfungulia bila kumuuliza maswali. Alivua kofia, akabaki amesimama. Akaniambia, "Mke wangu hakuwa daktari. Hakuwa nesi. Sijui kama watu kama yeye mnawasema redioni."

Nikamwambia, "Kaa, shemeji. Kaa unieleze."

Akanieleza kwanza habari za ndala. Ndala, au kandambili kama wengine mnavyoziita. Zilikuwa za bluu, zimepauka. Ile ya kulia ilikuwa imechomoka kile kipira cha katikati ya vidole, naye akapitisha msumari kwa chini kukizuia. Wengi wetu tumewahi kutengeneza ndala namna hiyo. Sasa makao yale yana sakafu ya vigae. Mguu wa kushoto ukikanyaga, unasikia chap. Mguu wa kulia, ule wenye msumari, unasikia ti. Chap, ti. Chap, ti. Ukiwa mwisho wa korido unajua nani anakuja.

"Nilimnunulia nyingine nzuri," mume wake anasema. "Akapokea, akashukuru, akampa jirani. Nikamuuliza, mama watoto, una nini wewe? Akanijibu, hizi za zamani kuna mtu anazisubiri."

Wasikilizaji wapendwa, huyo mtu ni bibi mmoja anayeishi makaoni pale. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, wale wanaoanza kushika kalamu. Uzee ulimwondolea macho, lakini ualimu haukumtoka. Wote wanamwita Mwalimu. Na Mwalimu hakukubali kulishwa na mtu yeyote ila Dada Ndala. Hayakuwa maringo. Mwenyewe aliniambia hivi: "Wewe unaona kijiko kinakuja. Mimi kinanivamia."

Aliposikia chap, ti, alijua. Alinyoosha shingo, akajiweka sawa, akaanza.

"Umechelewa wewe. Simama hapo hapo mlangoni."

"Shikamoo, Mwalimu. Nisamehe. Babu wa chumba cha kona ameficha meno yake tena."

"Marahaba. Safari hii kayaficha wapi?"

"Ndani ya soksi."

"Ndani ya soksi! Hata darasani kwangu sikuwa na mtundu wa namna hiyo. Haya, ingia. Lakini usikae mbele, kaa na watoro wenzako."

Ndipo Dada Ndala alipoingia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamlisha. Ilikuwa hivyo siku zote, mpaka ugonjwa ulipokuja.

Ugonjwa ulipokuja, geti la makao lilifungwa. Msimamizi aliwakusanya wahudumu uani. Akawaambia, anayebaki ndani abaki, hatatoka mpaka hali itulie. Anayekwenda kwake aende, lakini asirudi. Wenye watoto wachanga waliondoka wakilia, na hakuna aliyewalaumu. Dada Ndala aliomba ruhusa apige simu nyumbani.

Mume wake anakumbuka. "Aliniuliza, baba watoto, unasemaje? Nikamwambia rudi nyumbani. Akaanza kunielekeza sare za mtoto ziko wapi. Nikajua amepiga kuniaga, hakupiga kuniuliza."

Akabaki.

Yupo mhudumu mwenzake, mwanamama mrefu kweli kweli. Wanamwita Twiga. Yeye alikuwa naye ndani muda wote. Nilimuomba Twiga atueleze walivyoishi, nanyi wasikilizaji msikie kwa maneno yake.

"Tulilala stoo ya mashuka," Twiga anasema. "Barakoa tulipewa moja moja. Tunafua, tunaanika, tunavaa tena. Kamba ikilegea tunashonea lastiki ya soksi. Nguo za kujikinga hazikuwepo, tukavaa makoti ya mvua. Jaribu wewe kumgeuza mtu mzima kitandani ukiwa ndani ya koti la mvua. Jasho linashuka mpaka kwenye soksi. Glavu zilifungiwa ofisini. Ukienda kuomba unaulizwa, za jana umezifanyia nini? Nimezifanyia nini! Nimezipika?"

Hapo Twiga alicheka kidogo. Kisha akaacha kucheka.

"Wenzetu wakawa wanaugua, wanaondolewa, na hakuna anayeletwa badala yao. Korido ya watu wengi ikawa yetu sisi wawili. Kengele inalia chumba hiki, inalia na kile. Huyu anataka maji, huyu amejichafua, huyu mgongo unaanza kuchubuka kwa sababu hajageuzwa. Na wewe mikono ni ile ile. Mpaka leo nikisikia kengele ya baiskeli barabarani nasimama."

Ikaja amri nyingine. Viatu vyote vya wahudumu vifunikwe kwa mifuko ya plastiki. Ndala marufuku.

Amri ilikuwa na sababu yake, ugonjwa ulikuwa unatembea chumba kwa chumba. Lakini hebu jiweke mahali pa Mwalimu. Huoni. Nyayo husikii tena. Sauti zote zinatoka nyuma ya barakoa, zimefanana. Ghafla mkono wa mpira unakugusa shavuni. Mwalimu alianza kushtuka. Akawa anauliza, "Nani? Nani huyo?" Akijibiwa haamini. Akafunga mdomo. Wakimlisha anatema. Hata Dada Ndala alipomwambia, "Ni mimi, Mwalimu," alijibiwa, "Wote mnasema ni mimi."

Mwalimu akakonda. Wahudumu wanajua mzee anayeacha kula anaelekea wapi.

Dada Ndala alikwenda ofisini. "Bosi, yule bibi chakula anakitaka. Anachotaka kwanza ni kujua nani anakuja."

Msimamizi akamwambia, "Mifuko haivuliwi koridoni. Hilo tusibishane."

"Koridoni sawa. Chumbani je?"

Msimamizi akainamia makaratasi yake. Dada Ndala akaichukua hiyo kama ruhusa. Alizisugua ndala zake kwa sabuni na dawa ya madoa, akazikausha juani, akaziweka ndani ya chumba cha Mwalimu, nyuma ya mlango. Zikawa hazitoki mle. Akifika kizingitini anavua mifuko, anaingiza miguu kwenye ndala, anatembea mpaka kitandani. Akimaliza anaziacha pale pale. Ni hatua chache tu. Lakini zilitosha.

Chap, ti. Chap, ti.

Shingo ikanyooka.

"Ulikuwa wapi, mtoro wewe?"

"Nilikuwepo kila siku, Mwalimu."

"Mbona sikukusikia?"

"Walinifunga miguu."

"Na mdomo pia?"

"Na mdomo pia. Ndiyo hii barakoa."

"Afadhali. Tumepumzika." Kisha Mwalimu akafungua mdomo, akala.

Tangu siku ile alikula. Na kazi yote ile ya korido, pamoja na makoti ya mvua na kengele, Dada Ndala aliibeba, mradi afike kwenye mlango ule.

Wasikilizaji wapendwa, nyumbani nako hakukuwa rahisi. Duka la mtaani lilimwambia binti yake asimame mbali, atarushiwa sabuni. "Mama yako yuko kwenye ile nyumba," aliambiwa. Binti huyo yuko sekondari. Alikuwa akipeleka nguo safi makaoni, anaziweka chini getini, anarudi ng'ambo ya barabara. Mama anatoka mpaka uani, wanaongea kwa kupaza sauti, gari likipita wanangoja.

Mama alikuwa na tabia moja aliyoitoa kazini. Alikuwa akimwambia binti, "Geuka nikuone mgongo." Kwa mhudumu wa wazee, mtu anayekonda huonekana kwanza mabegani kwa nyuma. "Usoni utanichekea tu," alimwambia. "Mgongo ndio utakaoniambia kama unakula."

Binti anasimulia: "Siku ile akaniambia geuka. Nikageuka. Nikamsikia anasema, haya, baba yako anapika vizuri, mwambie nimesema. Nikacheka. Nikangoja aseme sasa geuka huku. Hakusema. Nilipogeuka mwenyewe, uani hapakuwa na mtu. Kengele ilikuwa imelia, amekimbia ndani. Hatukuonana tena."



Siku chache baadaye Dada Ndala alianza kukohoa. Walimtenga kwenye chumba kidogo cha kuwekea mafagio. Twiga alikuwa akimpelekea maji, anayaweka chini, anagonga mlango, anarudi nyuma. Kabla gari la hospitali halijafika, waliongea kupitia mlango uliofungwa.

"Twiga."

"Nipo."

"Ndala ziko kwa Mwalimu. Uzivae wewe."

"Na hii miguu yangu? Visigino vitabaki nje."

"Vibaki. Anza na kushoto. Kulia usikanyage, buruta kidogo, msumari uguse. Usiseme kitu mpaka afungue mdomo."

"Utarudi uzivae mwenyewe."

"Twiga mdogo wangu, kushoto kwanza. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

Alipelekwa hospitali. Kutembelewa hakukuruhusiwa. Hakurudi. Mazishi yalikuwa ya watu wa kuhesabika, wamesimama mbali mbali, na mume wake alimzika mke wake kwa kumtazama kwa mbali, akiwa ameshika kofia yake.

Makaoni hakuna aliyethubutu kumwambia Mwalimu. Naye Mwalimu hakuuliza. Alifunga mdomo tu, kama mwanzo. Chakula kinakuja, kinarudi. Twiga naye hakutaka kuzigusa zile ndala. "Niliona nikizivaa, nimekubali kwamba amekwenda," anasema. Ila asubuhi moja alimgeuza Mwalimu kitandani akamwona mabega kwa nyuma. Akatoka, akachukua bakuli la uji, akarudi. Kizingitini akavua mifuko, akaingiza miguu kwenye ndala za mwenzake. Visigino vikabaki nje, kama alivyosema.

Chap, ti. Chap, ti. Mpaka kitandani.

Shingo ya Mwalimu haikunyooka. Akasema, "Huyo anayetembea kwa miguu ya mwenzake. Amekuja kunidanganya, au kunilisha?"

Twiga akasahau alichoambiwa. "Kukulisha, Mwalimu."

"Amekufa?"

Machozi ya Twiga yalikuwa yanaingia ndani ya barakoa. Mwalimu akangoja, kama walimu wanavyomngoja mtoto anayejua jibu ila anaogopa kulisema. Kisha akanyoosha mkono hewani, akaushusha.

"Basi rudi mlangoni. Tembea tena. Taratibu, unakimbilia wapi?"

Twiga akaweka bakuli chini. Akaenda mlangoni, akarudi. Mwalimu akamwambia rudia. Akarudia. Mwalimu alisikiliza uso ukiwa umeelekea sakafuni, mpaka aliposhiba kusikia.

"Kulia unakanyaga sana," akasema. "Yeye alikuwa anaburuta. Utajifunza. Haya, lete uji kabla haujapoa."

Akafungua mdomo.

Wasikilizaji wapendwa, Mwalimu yu hai. Ugonjwa ulipita chumbani kwake ukamwacha. Wiki hii nilimtembelea. Ndala bado ziko nyuma ya mlango, na Twiga ndiye anayezivaa. Makao walitaka kuzirudisha kwa familia, zikae kama kumbukumbu. Binti yake Dada Ndala alikataa. Alisema, "Ziacheni pale zifanye kazi."

Kwa fundi bomba wetu, kwa binti, kwa Twiga na wahudumu wote wa korido ile, sisi hapa redioni tunawapa pole. Pole sana. Mume wake aliuliza kama watu kama yeye tunawasema. Shemeji, tumemsema, na tutaendelea kumsema.

Nanyi mnaosikiliza, fikirini hivi. Kuna mtu leo anamgeuza mama wa mtu, baba wa mtu, ili mgongo usichubuke. Anafanya hivyo wakati wewe uko kazini, au uko mbali. Je, ana glavu? Je, yuko peke yake kwenye korido nzima? Je, unamjua hata anaitwaje? Kama mzee wako yuko mahali pa namna hiyo, ukienda kumtembelea, mjulie hali na huyo mhudumu. Mwangalie na yeye mgongo.

Hapa huwa tunaweka wimbo. Leo hatutaweka wimbo. Nilipokuwa chumbani kwa Mwalimu niliwasha kinasa sauti, nikaanza kueleza mambo, naye akaniambia, "Mtangazaji, nyamaza. Anakuja."

Basi na mimi nanyamaza, kinasa sauti kiseme. Ni saa ya uji pale. Mlango umefunguliwa. Sikilizeni.

Chap, ti.

Chap, ti.

Chap, ti.