Swali Ambalo Bi Swali Hakuulizwa

Ndugu, majirani na marafiki, dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kama Bi Swali, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, akamaliza shule mwaka 1986 na chuo cha uuguzi mwaka 1990, akapangiwa hospitali kuu, chumba cha kuchunguza utumbo kwa kamera, alikofanya kazi mpaka mwisho.

Humo ndimo alimopatia jina hilo, kwani hakuna aliyekuja kuondolewa kinyama kilichoota utumboni bila yeye kumwinamia na kumuuliza, "Dawa ya kuzuia damu kuganda unameza, baba? Usinidanganye, mimi si mkeo," akarudia mlangoni, akarudia kitandani, wagonjwa wakanuna, lakini wakarudi kwao wazima.

Tarehe 14 Agosti 1993 aliolewa na fundi redio, mpole ambaye katika ndoa yote hakuwahi kuruhusiwa kumaliza sentensi, wakajaliwa binti na mwana.

Februari mwaka huu mguu wake ulivimba kwa damu iliyoganda, kliniki ya mtaani ikamwanzishia dawa ileile ya kuzuia damu kuganda, akawa anaimeza kazini kwa chai, wenzake wakidhani ni ya magoti, yeye akidhani wanajua. Hivyo tarehe 3 Juni, alipolala yeye kwenye kitanda kile ili aondolewe kinyama chake, kila mmoja aliona haya kumhoji aliyewafundisha kuhoji, daktari akasema, "Huyu si wa kuulizwa, atatucheka," wakacheka wote, naye akacheka, kinyama kikakatwa kwa kitanzi cha waya. Wangejua, dawa ingesimamishwa mapema, na kidonda kingebanwa kwa vibanio kabla hajarudi nyumbani, mambo madogo kabisa, ya kila siku.

Damu ilianza kumtoka tarehe 8 asubuhi, haikukatika, mumewe akampakata kwenye teksi akimsemesha njia nzima, naye kwa mara ya kwanza hakumkatiza, na pamoja na damu aliyoongezewa na jitihada za wenzake waliokuwa wakilia huku wakifanya kazi, alifariki tarehe 9 Juni.

Familia inawashukuru madaktari, majirani waliofua mashuka bila kuombwa, na wenzake wa kazini, ambao hatuwalaumu, ingawa kutowalaumu hakujatupunguzia chochote. Binti yake aliomba pawepo neno la faraja hapa mwishoni, tumelitafuta, hatukulipata.

Pumzika kwa amani, dada, maana sisi huku hatunayo.