Mtindi wa Nyamwage

Pantoni ilikuwa bado ng'ambo ya mto, na basi letu lilizima injini pale Ndundu. Mbele yangu walikaa wanawake wawili wasiojuana. Mmoja alipakata ndoo ya mtindi, zile za plastiki zilizojaa madukani tangu bidhaa za nje ziwe ruksa.

"Wa kunywa huo, dada?" aliuliza jirani yake.

"Wa kupikia. Daktari kamkataza mume wangu nazi, moyo una matatizo. Nautia kwenye mchuzi wa kambare."

"Haukatiki?"

"Mwanzo ulikatika, niliuchemsha kama tui. Sasa naukoroga na unga kidogo, moto napunguza. Hata unga wa vitumbua nachanganyia huo huo."

Mimi, nisiyejua kupika hata uji, nilijikuta nimesogea mbele.

"Na mwenyewe anakula?" jirani aliendelea.

"Anasukuma sahani. Anasema kimechacha, kisha anakwenda Nyamwage kwa mke mwenzangu."

"Akale nazi! Si atakufa huyo?"

"Nazi iko wapi? Kule anapikiwa mtindi, na vidole analamba."

"Nani kamfundisha mke mwenzio?"

"Mimi. Na mtindi nampelekea mimi. Kule haupatikani."

Jirani alisema angekuwa yeye, ndoo nzima angeimwaga mtoni. Pantoni ikagusa ukingo, kondakta akatuamuru tushuke, na mwenye ndoo akaukaza mfuniko kwa mikono miwili.