Maombi ya Jumatano Yaliyoingia Simuni

ADERO: Haloo, nani mwenzangu?

MAMA SHANTEL: Ni mimi, dada Adero. Bwana asifiwe.

ADERO: Amina, mwenyekiti wetu wa akina mama! Hii namba siijui.

MAMA SHANTEL: Ya Shantel. Yangu imeisha chaji. Uko wapi?

ADERO: Njoro, chuoni, nje ya darasa. Tunaingia saa kumi na mbili. Leo ni zamu yangu kusimama mbele nieleze utafiti wangu, si niliwaambia—

MAMA SHANTEL: Ndiyo maana napiga. Usisimame.

ADERO: Unakatika. Umesemaje?

MAMA SHANTEL: Futa hizo sauti zetu ulizorekodi kwa maombi ya Jumatano. Zote! Mchungaji amekubali. Ukikataa, Jumapili utaitwa mbele ya kanisa utubu.

ADERO: Nitubu nini?

MAMA SHANTEL: Kupelekea wasomi maombi ya akina mama wayachekelee!

ADERO: Hakuna anayecheka. Kuna mwalimu wa sauti za lugha, kuna wa saikolojia, kuna wa historia, na daktari mmoja wa ubongo. Wote wanne wanatafuta kitu kimoja: kwa nini tunaanza kuomba kwa Kiswahili, halafu machozi yakija kila mtu anarudi kwa lugha ya mama yake.

MAMA SHANTEL: Huyo ni Roho!

ADERO: Hata mimi nasema ni Roho. Na nitawaambia hivyo hivyo.

MAMA SHANTEL: Una miaka hamsini na moja, dada. Unapima maziwa pale sosaiti ya wafugaji. Digrii ya lugha ni ya nini?

ADERO: Niliifungia siku saba nikiiomba. Muulize aliyenipa.

MAMA SHANTEL: Usinijibu hivyo!

ADERO: Na mlisaini fomu ya kukubali kurekodiwa, wote kumi na wanne. Wewe ukiwa wa kwanza.

MAMA SHANTEL: Nilisaini nikijua tunaomba wote kwa pamoja! Zile kelele zetu... nani angetambua sauti ya mtu mmoja hapo ndani?

ADERO: Simu ilikuwa kwa benchi, mwenyekiti. Pale ulipokuwa umepiga magoti.

MAMA SHANTEL: (anafunga mlango)

ADERO: Haloo?

MAMA SHANTEL: Niko. Lakini... niliomba kwa Kibukusu. Wewe ni Mjaluo.

ADERO: Mjaluo wa nyumba za reli, Nakuru. Mlango wa pili walikuwa akina Wamalwa. Mama yao ndiye aliyenilea mchana, mama yangu akienda sokoni. Kibukusu nilikijua kabla ya Kiswahili.

MAMA SHANTEL: Wewe! Miaka hii yote?

ADERO: Hujawahi kuniuliza.

MAMA SHANTEL: Kwa hivyo ile ya... ya Kariandusi—

ADERO: Baba Shantel yuko Kariandusi kuchimba yale mawe meupe. Ndivyo ulivyotuambia kanisani, ndivyo ninavyojua.

MAMA SHANTEL: Adero...

ADERO: Na huyo mwanamke anayempikia huko, mimi simjui.

MAMA SHANTEL: (analia) Mimi ndiye nafundisha wasichana mambo ya ndoa. Kila Jumamosi!

ADERO: Sauti yako niliikata Alhamisi asubuhi, kabla mtu yeyote hajaisikia. Haiko popote. Lakini zile kumi na tatu sifuti.

MAMA SHANTEL: Na Mchungaji nimwambie nini?

ADERO: Mwambie nimekataa.

MAMA SHANTEL: Atakutoa kwa kwaya.

ADERO: Nitaimba nikipima maziwa. Wateja wangu hawalalamiki.

MAMA SHANTEL: (anacheka kidogo, anapenga kamasi) Dada... kabla hujaingia, niombee. Kwa hiyo lugha ya kwetu.

ADERO: Sasa hivi, hapa kwa ngazi. Na Jumapili?

MAMA SHANTEL: Jumapili bado utaitwa. Nilishasema mbele ya wazee, nitarudije nyuma? Ngoja, imelia, salio linaisha—

ADERO: Basi niite! Nitakuja na kitambaa changu kipya kichwani. Nitasimama pale mbele, lakini magoti sipigi. Hayo ni ya Mungu tu, unanisi— Haloo? Mwenyekiti? Haloo?