Mzee Masizi na Tanuri la Mwisho

Marehemu, aliyejulikana kwa wote kama Mzee Masizi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe. Mama yake alikuwa akianua nguo kila upepo ulipogeuka, majivu yasije yakazila.

Alisoma hadi darasa la saba. Baada ya hapo tanuri ndilo lililomfunza. Mwaka 1979 aliajiriwa kituoni kuchochea moto, akapanda hadi kuwa msimamizi wa matanuri na msemaji wa wafanyakazi. Kwenye meza ya majadiliano hakubembelezeka.

Mwaka 1986 alimwoa muuguzi, aliyemkubali kwa sharti moja: aoge kabla ya kugusa kitasa.

Mwaka 2019 mapafu yalimwangusha. Akaishi kwa mashine ya oksijeni, nayo haiendi bila umeme. Miaka mitatu baadaye wakubwa serikalini wakataka makaa yazimwe na sola iwashwe, haraka, kabla ya uchaguzi. Meneja wa kituo alimfuata nyumbani, maana wafanyakazi bado walimsikiliza yeye.

"Mzee wangu, makaa yanaua."

"Unamwambia nani, mwanangu, na mpira huu puani? Ila giza linaua upesi zaidi. Washeni kwanza, ndipo tuzime. Na vijana wangu wafundishwe hizo betri, msije mkawafanya walinzi wa geti."

Walivutana mwaka mzima. Yote mawili yalipotiwa sahihi, akadai nyumba yake iwe ya kwanza kuunganishwa.

"Baba watoto, unaweka pumzi rehani?" mkewe akamaka.

"Mali usiyoijaribu kwako, usimuuzie jirani."

Tarehe 3 Juni 2024 tanuri la mwisho lilizimwa. Siku ya nne mawingu yalitanda tangu alfajiri. Jamaa walijazana chumbani roho juu, macho kwenye taa ya darini. Ikipepesa kidogo, mtu anashika kifua. Hadi alasiri taa ilikuwa imara.

"Mzee, umewaweza!" shemeji yake akacheka.

Hakujibu. Mashine ilikuwa bado ikinguruma. Wote waliilinda taa. Yeye hakuna aliyemwangalia.

Daktari amethibitisha ni moyo uliochoka, umeme haukukatika. Hata hivyo mjane, wingu likipita, bado huinua macho darini.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, na vijana wake wa zamu, ambao leo wamezika kwa kupokezana, nusu yao wakibaki kwenye betri.

Apumzike kwa amani. Taa wataichunga walio hai.